Muuguzi Aliyeambiwa Ana Pepo

Bibi yake Bertille alikuwa na rovu shingoni, kubwa kama boga changa. Shambani na jikoni aliliacha lionekane. Alilifunika kwa kitenge siku ya misa tu. Bertille, ambaye wakati huo alikuwa mtoto wa kukimbiza ndama huko Pepa, kwenye milima ya Marungu, aliwahi kumwuliza ndani mna nini. Bibi akamjibu kwamba mna maneno yote ambayo hakupata kumwambia babu.

Alipokuja Kalemie kusomea uuguzi, Bertille alijifunza kilichomo kweli. Ni tezi ndogo iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo aliyekunjua mabawa, na kazi yake ni kuuambia mwili uende kwa kasi gani. Tezi ikilegea, mtu huwa mzito, husikia baridi, huvimba uso na kusahau mambo. Ikichachamaa, kila kitu hukimbia: moyo, tumbo, mikono, mawazo. Somo hilo lilimkaa kichwani kwa sababu ya bibi yake. Alimaliza masomo, akaajiriwa kwenye kituo cha afya, akaolewa na Télesphore, fundi wa injini za boti, na wakapata binti, Princesse. Mtaani kwao Kataki akawa Mama Princesse. Wagonjwa walimwita munganga, yaani daktari, naye kila mara aliwasahihisha kwamba yeye ni muuguzi, nao kila mara walisahau.

Kila Jumatano alikaa na wagonjwa wa sukari. Aliwapanga kwenye mabenchi uani, akawavua viatu, akawakagua miguu kidole kwa kidole, huku akiwafundisha. Hakuwa mtu wa maneno matamu. "Dawa ni kila siku," aliwaambia. "Siku unayojisikia vizuri, dawa. Siku ya kilio, dawa. Siku ya arusi, dawa." Wazee walicheka, wakarudia nyuma yake kama watoto wa katekisimu.

Ugonjwa wake mwenyewe aliutambua kabla ya mtu mwingine. Alikuwa akila sahani ya pili ya ugali na bado sare ya kazi ikampwaya. Upepo wa ziwa ulipovuma na wenzake wakavaa masweta, yeye alijipepea kwa karatasi. Siku moja alipokuwa akivuta insulini kwenye sindano, mkono wake ulitetemeka mpaka akamwomba mwenzake amalizie. Daktari wa kituo, Docta Fidèle, alimpapasa shingo, akamwambia ameze mate, akatuma damu Lubumbashi. Majibu yalikuwa yale aliyoyajua: tezi inachachamaa. Akaanza vidonge vya kabimazoli, na vingine vya kutuliza moyo, na baada ya miezi kadhaa alirudi kuwa yule yule. Macho tu ndiyo yalibaki yametoka kidogo, kama ya mtu aliyeitwa jina ghafla.

Kisha likaja lile jambo la ziwa. Maji yalipanda, yakaingia barabarani na kwenye maghala ya ufukweni, na boti za kutoka Kigoma zikawa hazijui zishushe wapi mizigo. Kwenye maduka ya dawa, kabimazoli ilikuwa kitu cha watu wachache, na cha watu wachache ndicho kilichokosekana kwanza. Bertille alianza kukata kidonge nusu. Halafu robo. Halafu akawa anafungua kichupa asubuhi na kukifunga tena, kikiwa kitupu.

Alijua kinachokuja, na kikaja kama alivyokijua, ila kwa nguvu zaidi. Usiku hakulala, alisugua masufuria mpaka majirani wakalalamika. Mchana alilia bila sababu, na kabla machozi hayajakauka alikuwa amekwisha gombana na mtu. Alimfokea mgonjwa mmoja kituoni, mama mtu mzima, kwa kuchelewa, na sauti yake ikasikika mpaka barabarani. Mkuu wa kituo akamwita ofisini, akamwambia kwa upole akapumzike nyumbani mpaka Docta Fidèle arudi kutoka mafunzoni Lubumbashi. Bertille aliondoka akijua kwamba ametolewa mahali pekee ambapo watu walijua jina la ugonjwa wake.

Nyumbani jina lilikuwa lingine. Marthe, dada wa mumewe, alikuja kusaidia kupika, akakaa, akamtazama wifi yake akizunguka uani bila kutua, na jioni akazungumza na kaka yake.

"Papa Princesse, huyu si Bertille. Tazama macho."

"Ni ile tezi yake," Télesphore alisema. "Dawa imekosekana."

"Tezi inamufanya muntu aongee peke yake? Tezi inamukataza usingizi? Mutoto wangu alikuwa vile vile. Tulimupeleka kilimani kwa Pasta Gauthier, sasa yuko shuleni kama wenzake."

Bertille alisikia kila neno, kwa sababu alikuwa amesimama nyuma ya mlango. Akaingia, akaanza kueleza. Alieleza tezi, alieleza homoni, alieleza kwa nini macho yanatoka. Alieleza haraka, kwa kuwa kila kitu ndani yake kilikuwa haraka, jasho likimtiririka, vidole vikichezacheza hewani, na alipoona wanatazamana aliinua sauti ili wasikie vizuri. Marthe akafumba macho akaanza kuomba kimyakimya.

Hapo Bertille alielewa jinsi alivyonaswa. Ugonjwa wake ulikuwa umemwachia akili nzima, ukamnyang'anya sura ya mtu mwenye akili. Kila alichokisema kilikuwa kweli, na kadiri alivyokisema ndivyo kilivyozidi kuonekana wazimu.

Walimpeleka asubuhi, wakimwambia wanakwenda kumwona mtu mwenye dawa. Télesphore alimshika mkono njia nzima, na mkono wake ulikuwa na harufu ya petroli kama siku zote. Boma la maombi lilikuwa juu ya kilima, nyumba ndefu ya mbao yenye vyumba pande mbili na ukumbi katikati. Mlangoni simu zilikusanywa, na viatu vikavuliwa. Bertille alipoona viatu vinawekwa kwenye gunia na gunia linapelekwa nyuma, aligeuka.

"Télesphore." Hakumwita Papa Princesse. "Usiniache hapa."

"Ni siku chache, mama. Nitakuja kukuchukua."

"Hapa watu wanafunga kula, na mimi sitakiwi kufunga. Moyo wangu unakimbia hata nikikaa. Unanisikia?"

Alimsikia. Alikuwa anatazama chini. Halafu akatelemka kilima bila kugeuka, kwa hatua za mtu anayeogopa kwamba akigeuka atarudi.

Hakukuwa na kufuli. Kulikuwa na mwanamume mkubwa, mpole, aliyekaa kwenye kiti mlangoni akisoma Biblia, na kila Bertille alipokaribia, alisimama. Akina mama wa boma wakaja, wakamzunguka, wakamkumbatia, wakamrudisha ndani wakiimba. Hawakumpiga wala kumtukana. Alitamani wangemtukana, apate la kusukuma. Kumbatio lao halikuwa na mahali pa kushikia.

Pasta Gauthier alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na alikuwa bado na sauti ya kuwasomea watoto imla. Hakuwa tapeli. Alifunga pamoja na wagonjwa wake, na midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Alimwekea Bertille mkono kichwani, akamwuliza pepo jina lake.

"Naitwa Bertille," alisema Bertille. "Mimi ni muuguzi. Nina ugonjwa wa tezi."

"Nauliza jina la anayesema."

"Ni mimi ninayesema!"

"Mnasikia," Gauthier aliwaambia wengine kwa huzuni, "anavyokataa kujitaja."

Baada ya hapo Bertille alijaribu kunyamaza. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akaweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono na kusikiliza mapigo yake yakikimbizana. Alijipangia kazi kama anavyompangia mgonjwa: kaa kitako, pumua taratibu, kunywa maji wanapokupa, usibishane. Kupitia upenyo wa mbao aliona kipande cha ziwa, na chini yake mapaa ya mji, na aliweza kukisia paa la kituo chake. Ilikuwa Jumatano. Alifikiri ni nani anayekagua miguu leo.

Siku iliyofuata aliletwa mzee. Alikuwa mrefu, na ngozi ya usoni imelegea kama ya mtu aliyepungua ghafla, na alitembelea fimbo. Bertille alimjua kabla hajakaa: Papa Prospère, dereva mstaafu wa treni, aliyekuwa akikaa benchi la mbele kila Jumatano na kubishana juu ya ndizi. Alikuwa na kidonda kisichopona mguuni, na binti yake, aliyechoka kusubiri, ndiye aliyemleta ili aombewe.

"Munganga!" mzee alisema kwa furaha alipomwona. "Hata weye?"

"Hata mimi, papa. Umekula?"

"Tangu jana hapana. Waliniambia nianze kufunga nyumbani."

"Na dawa?"

Mzee alijipiga mfuko wa shati, akaonyesha ncha ya pakiti ya vidonge. Alikuwa ameificha, akaona fahari kuificha. "Nimemeza. Jana nimemeza, na leo asubuhi nimemeza. Siku ya kilio, dawa. Siku ya arusi, dawa. Mwanafunzi wako mimi."

Bertille aliisoma ile ncha ya pakiti. Ilikuwa glibenklamidi, dawa inayokamua sukari ishuke iwe kuna chakula au hakuna. Aliwafundisha pia kwamba kidonge hicho hufuatana na chakula, na kwamba asiyekula asikimeze. Lakini sehemu hiyo haikuwa na wimbo, na mzee alikuwa ameshika wimbo.

Alimwendea Gauthier mara moja. Alijitahidi kusema polepole, akahesabu pumzi katikati ya maneno. Alisema mzee huyu ale sasa, hata uji tu, la sivyo sukari yake itaanguka. Mikono yake ilimsaliti. Aliikunja kwapani, nayo ikaendelea kutetemeka humo.

"Mama," Gauthier alisema, "pepo aliye ndani yako hapendi kuona mwingine akifunga. Kaa. Tutakuombea."

Haikuchukua muda mrefu. Jua lilipokuwa la utosi, mzee alianza kutoa jasho, shati likagandama mgongoni ingawa alikuwa amekaa kivulini. Akapiga miayo. Akaanza kuzungumza na mtu asiyekuwepo, akimwamuru aongeze makaa. Mama mmoja alipomgusa bega ili amtulize, alimzungushia fimbo na kutukana tusi kubwa, yeye ambaye hakuwa na desturi ya kutukana. Ukumbi mzima ukasimama. Wimbo ukapaa. Wanaume wawili wakamshika mikono, na Gauthier akaja mbele yake akimkemea aliye ndani atoke.

"Ni sukari!" Bertille alipiga kelele. "Imeshuka! Mpeni kitu kitamu, bado anameza!"

Wanawake wakamshika naye pia. Kwa macho yao lilikuwa jambo moja: pepo wawili wamejuana na wanaitana. Bertille alivuta, akashindwa. Misuli ya mapaja yake ilikuwa imeliwa na ugonjwa, akaanguka magoti. Na pale chini, akiwaza kwa ile kasi yake ya mgonjwa, aliona njia moja tu. Alikuwa Mkatoliki wa Marungu, aliyelelewa na masista, na hakuwa amewahi kutania na jambo la namna hiyo. Akainua mikono yote miwili, ile iliyotetemeka, akaiacha itetemeke.

"Nimeonyeshwa!" alilia. "Nimeonyeshwa asali! Aliye ndani ya mzee huyu hutoka kwa asali! Bwana amesema asali, sasa hivi!"

Wimbo ulikatika. Mikono iliyomshika ikalegea kwa heshima. Gauthier akaamuru, na chupa ya asali ikaja kutoka kwenye chumba chake mwenyewe. Bertille aliikoroga kwenye kikombe cha maji, akamkalisha mzee wima, akamwambia sikioni kama anavyowaambia watoto, "Meza, papa. Polepole. Meza tena." Wengine walipiga magoti kuwazunguka.

Papa Prospère alirudi kidogo kidogo, kama mtu anayepanda ngazi. Jasho lilikauka. Akatazama fimbo yake sakafuni, akauliza nani ameitupa. Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele.

Kama mambo yangeishia hapo ingekuwa hadithi fupi. Lakini dawa ile hukaa mwilini kwa muda mrefu kuliko kikombe cha asali, na kwa mzee mwenye figo zilizochoka hukaa zaidi. Bertille alijua kwamba sukari ingeshuka tena. Alimwendea Gauthier, ambaye sasa alisimama kumpokea.

"Mzee huyu ale ugali, pasta, halafu ashuke hospitali leo. Nimsindikize mimi."

"Nani amesema?"

"Nimeonyeshwa."

Gauthier alitikisa kichwa pole pole. Uso wake ulikuwa umejaa upendo, na upendo huo ulimtisha Bertille kuliko ukali. "Ale, sawa. Lakini roho iliyosema asali haiwezi kusema hospitali. Mama, pepo wako ametoka mbele ya macho yetu, na Bwana amekuachia karama. Si ya kuipeleka mjini kama samaki. Utabaki hapa nasi, tuijaribu, tuikuze. Nitamwambia mume wako mwenyewe."

"Kwa nini isiweze kusema hospitali?"

Gauthier akaondoka kwenda kumshukuru Bwana.

Kwa hiyo akawa amefungwa mara ya pili, safari hii kwa sifa. Wanawake waliokuwa wakimshika walikuja na maombi: mmoja alitaka kujua kama atapata mtoto, mwingine kama mumewe aliyekwenda Kongolo ana mke huko. Alikaa kando ya Papa Prospère na kumlisha uji waliouleta, na mzee akala vijiko vichache, akasema tumbo limejaa. Mtu mlangoni alikuwa bado mlangoni. Alikuwa sasa anamwita nabii.

Alasiri mzee alisinzia, na Bertille alipomwita hakuitika. Mwili ulikuwa wa baridi na umelowa. Mama mmoja alikimbia na kikombe cha asali, akataka kumimina mdomoni.

"Usimimine! Itaingia kwenye mapafu." Bertille alimlaza mzee ubavu, akachovya kidole na kumpaka asali ndani ya shavu, kwenye ufizi, kidogo kidogo. Hakulia wala hakuinua mikono. Nguvu za kuigiza zilikuwa zimemwishia. Alimtazama Gauthier, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya Jumatano:

"Pasta, sikuonyeshwa kitu. Nilisema vile ili mnisikie. Huyu mzee amemeza dawa ya sukari bila kula. Akibaki hapa atakufa, na wewe unamshika mkono."

Gauthier kweli alikuwa amemshika mzee mkono. Aliutazama ule mkono. Bertille hakuwahi kujua ni neno lipi lililomfikia, kama ni ukweli, au hofu, au ubaridi wa ngozi aliousikia kwa vidole vyake. Alisimama, akatoka nje bila viatu, akamsukuma kando mtu wa mlangoni, akatelemka kilima akikimbia na kanzu yake nyeupe, na watu wa chini walishangaa kumwona pasta akisimamisha pikipiki kwa mikono miwili.

Walimweka mzee katikati, dereva mbele, Bertille nyuma akimkumbatia asianguke. Hospitalini walimtundikia maji ya sukari, na muuguzi wa zamu alipogeuka kumshukuru aliyemleta, alimwona mwanamke mwenye miguu mitupu, macho yametoka, anahema. Akampima mapigo. "Mama," alisema, "weye pia lala kitanda hiki." Bertille alilala. Ndipo alipolia, kwa kuwa kuna mtu aliyemgusa mkono na kusoma sawasawa kilichokuwa humo.

Docta Fidèle alirudi kutoka Lubumbashi na kabimazoli mkobani. Ikachukua wiki nyingi. Bertille alirudi kulala usingizi, akarudi kunenepa, mikono ikatulia. Papa Prospère alipona pia, ingawa alikatwa kidole kimoja cha mguu wenye kidonda. Dawa yake ilibadilishwa, akapewa isiyoangusha sukari namna ile.

Lakini mji ulikuwa umekwisha kujisimulia hadithi yake. Katika hadithi hiyo Bertille alipandishwa kilimani akiwa na pepo, akashuka akiwa mzima. Vidonge havikuwemo. Télesphore mwenyewe aliisimulia hivyo kwa wateja wake, na Bertille alipomwuliza, hawakufika mbali.

"Ulinifungia, Papa Princesse."

"Nilikupeleka upone."

"Na nilipona kule?"

Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si umepona?"

Alikuwa na shukrani machoni. Marthe alikuja Jumapili na samaki, akamkumbatia, akasema Mungu ni mwema. Alikuwa na haki ya kufurahi. Alikuwa amempenda wakati wote.

Baya zaidi lilitokea kituoni. Alipoanza tena kazi, Jumatano ya kwanza mabenchi hayakutosha. Nyuso nyingi hakuzijua. Mama mmoja, muuza sombe, yale majani ya muhogo, alikuja na kidonda kifundoni, na mashine ya kupimia ikakataa kutoa namba, ikaandika tu kwamba sukari imepita kiwango. Bertille alimwuliza anakula nini. Mama akatabasamu kwa siri.

"Ile ya kwako, nabii. Asali, asubuhi na jioni. Na vidonge nimeacha."

Alimpeleka hospitali siku ile ile. Kisha akarudi uani, akasimama mbele yao wote, akawaambia ukweli wote: kwamba alidanganya kilimani, kwamba hakuonyeshwa kitu, kwamba asali humwokoa yule tu ambaye sukari yake imeanguka na kwa mgonjwa mwingine yeyote wa sukari ni sumu. Papa Prospère alisimama kwa fimbo yake kuwa shahidi. "Nilimeza dawa, sikula," alisema kwa sauti ya mtu anayetangaza stesheni. "Ndio vile tu. Hakuna kingine."

Halafu mwanamke aliyekuwa amekaa nyuma akasema, kwa wema, "Mungu anaweza kutumia hata uongo wa muntu." Wengi wakaitikia. Bertille akapiga hesabu. Akiendelea kubisha, sauti itapanda; sauti ikipanda, wataangalia macho yake. Alikuwa anajua jinsi vichwa vinavyogeuka, kimoja kwanza, halafu vingine. Akavuta kiti, akamwambia wa kwanza avue viatu.

Tangu siku hiyo hurudia maneno yale kila Jumatano, kabla ya jambo jingine lolote, na kila Jumatano kuna angalau mtu mmoja anayebaki nyuma wengine wakiondoka, amwulize nabii ameonyeshwa nini. Aliomba uhamisho kwenda Moba, ambako hakuna anayemwita nabii. Mkuu wa kituo alimwambia kwamba kliniki ya sukari haina mwingine, na kwamba dawa zake mwenyewe ni rahisi kuzipata hapa mjini, hata zikichelewa. Yote mawili yalikuwa kweli.

Nyumbani amejifunza kuongea kwa sauti ya chini. Princesse akivunja sahani, Télesphore akisahau kununua mkaa, yeye huvuta pumzi, huweka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, kisha husema anachosema kwa sauti ambayo haiwezi kumtisha mtu. Mumewe husifu utulivu wake kwa wageni. Hajui kwamba mkewe hajakasirika mbele yake tangu alipotoka hospitali, wala kwamba hilo humchosha kuliko ugonjwa.

Mwezi uliopita Docta Fidèle alipokea majibu mapya ya damu, akampunguzia dozi. "Unaendelea vizuri sana," alimwambia. "Ukipata homa na koo kuuma, unajua la kufanya."

"Naacha dawa, maana huweza kupunguza chembe nyeupe za damu, nakuja siku hiyo hiyo kupima."

"Nani amekufundisha?" Docta alicheka, na Bertille akacheka.

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alichukua pikipiki mpaka upande wa Lukuga, kwenye soko ambalo hana desturi ya kwenda na ambako hakuna anayemjua, akanunua fungu la samaki, mikebuka, kwa mwanamke mmoja. Alipoinua shavu la samaki wa pili aliona limekuwa la kijivu.

"Huyu amelala," alisema.

"Ametoka majini leo, mama."

"Leo ya wiki gani? Harufu hii!"

"Kama hutaki, acha! Nani amekuita?"

Bertille akaweka kikapu chini. Akaanza. Alimwambia mwanamke yule habari za samaki wake, na za mizani yake, na za mikono yake, kwa sauti iliyojaa kifua, na mwanamke akajibu kwa sauti kubwa vile vile, mikono kiunoni, na wenye meza za jirani wakaacha kuuza wakasikiliza kwa furaha. Hakuna aliyemtazama machoni kwa namna ile. Kwao alikuwa mteja mkali tu. Waligombana mpaka wote wawili wakachoka, mwanamke akambadilishia samaki kwa kumtupia mwingine kikapuni, na Bertille akaokota kikapu chake, uso ukiwa na joto, moyo ukimdunda kwa sababu halali, isiyo ya ugonjwa, akaenda kutafuta pikipiki ya kumrudisha Kataki.